Mkono Uliodaka kwenye Skrini ya Zege

Mama Pindo hakuwa mtu wa kungoja, na hata kiharusi hakikumfunza subira. Miaka yote aliyoshona nguo, mteja aliyeambiwa aje kesho alikuta gauni limeshakunjwa tangu jana. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu pindo lake halikufumuka, hata nguo yenyewe ikichakaa. Sasa mkono wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa chini ya sindano, ulikuwa umelala pajani, umekufa ganzi. Mwenyewe aliusogeza kwa mkono wa kulia kama mzigo wa mtu mwingine.

Katika chumba cha mazoezi cha hospitali kulikuwa na mashine mbili ubavu kwa ubavu, kila moja na skrini yake ukutani. Mgonjwa anafungwa rimoti ndogo kwenye kila kiganja, halafu kwenye skrini inatokea mikono miwili ya katuni na mipira inayodondoka kutoka juu. Ukiinua mkono wako, wa katuni nao unainuka, unadaka. Waya hakuna. Ila kwanza rimoti lazima iunganishwe na mashine: unabonyeza kitufe, taa inapepesa mpaka mashine iitambue, kisha inatulia. Dada wa mazoezi, binti mpole lakini mwenye msimamo, alikuwa na desturi ya kumaliza mashine moja ndipo aguse nyingine.

"Macho kwenye skrini," alisema kila mara. "Mkono msiutazame. Mkiutazama mtaanza kuuhurumia."

Kwenye mashine ya pili alikaa fundi mwashi mmoja, naye kapooza mkono huohuo wa kushoto. Watu walimwita Zege. Alikuwa na maneno mengi na kicheko cha kutikisa madirisha.

Siku moja betri zilibadilishwa, ikabidi rimoti zote ziunganishwe upya. Dada akaanza na za Zege. Mama Pindo akaona anacheleweshwa. Akawasha mashine yake, akabonyeza kitufe cha rimoti ya kushoto, taa ikapepesa, ikatulia.

"Hii ya kushoto tayari, mwanangu," akasema kwa majivuno. "Wewe hangaika na huyo mwanamume."

Haraka haraka haina baraka, lakini nani angethubutu kumwambia?

Tangu siku hiyo neema ilimshukia Zege peke yake. Mkono wake wa kushoto kwenye skrini ukaanza kutikisika, baadaye ukainuka, na asubuhi moja ukadaka mpira. Chumba kizima kikapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Zege akatangaza kwamba keshamwambia mkewe, karibuni atapanda tena jukwaa la ujenzi. Wa Mama Pindo ulilala chini kwenye skrini yake, haujigusi. Alijikaza mpaka jasho likamtoka, na ganzi ikamnyima kila habari.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mama Pindo," Zege alimfariji.

"Koleo lako limepona, ndiyo maana una methali," akajibu.

Alimwonea wivu, tena wivu wa kuuma, na aliuonea aibu. Jioni hiyo akampigia wifi yake aje Jumamosi kuchukua cherehani. "Ikae niitazame ya nini?" alisema, kisha akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Ijumaa alikuja kuaga, ingawa hakumwambia mtu. Alifungwa rimoti, akaanza kujikaza kwa hasira tu. Katikati ya zoezi Zege alishikwa na kiu. Mkono wa kushoto ukiwa umetulia pajani, akainua chupa ya maji kwa wa kulia, akanywa. Kwenye skrini yake, mkono wa kushoto ukadaka mpira. Ukadaka na mwingine.

Zege akashusha chupa. "Jamani, mimi nimepumzika. Huyu anayedaka ni nani?"

Dada akaangalia skrini, akaangalia paja la Zege, kisha akamgeukia Mama Pindo. "Mama, shusha mkono wa kushoto."

Kwenye skrini ya Zege, mkono ukashuka.

"Inua. Sasa utazame."

Mama Pindo akautazama. Ulikuwa hewani, usawa wa kifua, unatetemeka na rimoti yake. Akapiga ukelele. Akalia, akacheka, akamwita marehemu mama yake. "Ni wangu! Siku zote hizi ni wangu! Mwambieni wifi asije!"

Halafu akakumbuka kile kitufe. Akaacha kucheka.

"Tulibonyeza kwa pamoja, wewe yako ya kushoto na mimi ya Zege," dada alieleza, naye kaona haya kwa kutogundua mapema. "Kila mashine ikachukua rimoti ya mwenzake."

Zege alikuwa akiutazama mkono wake pajani. "Kumbe sikudaka hata mmoja," akasema. "Na mke wangu ameshawaambia watu."

"Nisamehe, kaka. Ni kiherehere changu."

Dada akainama kuzirudisha rimoti kwa wenyewe, lakini Mama Pindo akamzuia.

"Usiguse kwanza. Kama wangu ulikuwa kwake, basi wake uko kwangu. Kaka Zege, tazama huku. Huo uliolala kwenye skrini yangu, niliokuwa nikiutukana kila siku, ndio wako."

"Wa kutukanwa ndio wangu," akanung'unika, lakini akageuza kiti.

Mpira ukadondoka, ukapita. Ukaja mwingine, ukapita. Mishipa ya shingo ikamsimama Zege. Ukaja mwingine, na mkono wa katuni haukuinuka, bali ulijigeuza kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Mpira ukagusa vidole, ukaanguka.

Zege akawageukia wenzake. "Mmeona? Au huyo naye ni mwingine?"

Mama Pindo alikuwa ameubana mkono wake mapajani ili usiinuke tena kwenye skrini ya Zege.

"Hakuna mwingine, kaka," akamwambia. "Ni wewe. Haya, mpira unakuja."