Joho la Digrii Saba

Kitabu cha mchezo wetu nilikitafsiri mwenyewe, na kazi hiyo ilinichukua zaidi ya mwaka. Kilinifikia kikiwa rundo la karatasi za Kiingereza zisizo na jalada, nilizoachiwa na mteja aliyekuwa anahama. Nina duka dogo la fotokopi na kujalidi vitabu hapa Mji Mkongwe. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimejifunza kwa kusoma vinavyopita mikononi mwangu. Katika kutafsiri niligeuza maili kuwa kilomita na ratili kuwa kilo. Digrii za Farenhaiti, ambazo huku kwetu hatuzitumii, nilizigeuza kuwa za Selsiasi kwa kanuni niliyoikuta kwenye kamusi: toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa. Kila hesabu niliifanya mara mbili.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Tunaketi mezani, kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, na mtu huyo ameandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, ujuzi wake, alichovaa, alichobeba. Mimi ndiye msimulizi. Ninawaeleza wako wapi na mbele yao kuna nini, nao wananiambia wanafanya nini. Likija jambo linaloweza kufaulu au kushindikana, mtu hurusha dadu la pande ishirini, kisha tunatazama jedwali. Hakuna anayeshinda. Mke wangu, akituletea kahawa, hupenda kuuliza kama bado hatujafika.

Wachezaji ni watatu, na hukutana kwangu ghorofani kila Jumapili baada ya alasiri. Wa kwanza ni fundi friji, jirani yangu, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Wa pili ni mpishi wa hoteli moja ya Kiwengwa, ambaye Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko. Wa tatu ni mkunga aliyestaafu, mkazi wa Mwanakwerekwe, na sote tunamwita Bi Mkunga. Yeye ndiye mkubwa wetu. Akiingia tunamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu anavua viatu na kuanza kutushambulia.

Mtu wake Bi Mkunga alikuwa mwanamke mfanyabiashara wa chumvi, mjane, mwenye nyumbu mmoja na ulimi mkali. Amemcheza miaka minne bila kumbadilisha. Wenzake wamepoteza watu watatu kila mmoja, kwa panga, kwa sumu na kwa ujinga, na kila mara wakaanza upya kwa karatasi nyeupe. Kanuni ya kwanza ya meza yetu, niliyoiandika kwa wino mwekundu na kuibandika ukutani, ni kwamba aliyekufa harudi. Bila hiyo, nilisema, hakuna anayeogopa kitu, na mchezo unakuwa porojo.

Jumapili moja ya kaskazi, joto limetubana na feni inazungusha upepo wa moto, nikawapeleka mlimani kwenye theluji. Katika sote wanne, aliyewahi kusikia baridi ya kweli ni fundi peke yake, ndani ya chumba cha kugandishia samaki alichokwenda kukitengeneza. Alitueleza kuwa vinyweleo vya puani vinasimama. Mpishi alifuta jasho na kusema angelipa nauli aende.

Usiku wa mlimani, kwa mujibu wa kitabu, ulikuwa digrii kumi na tano chini ya sifuri. Mpishi na fundi walikuwa wamepata nafasi pangoni. Bi Mkunga alibaki nje, kwa hiari yake, kulinda chumvi na nyumbu. Nikatazama jedwali la mavazi: joho la manyoya linamwongezea mvaaji digrii saba. Kumi na tano chini, ongeza saba, anabaki na nane chini ya sifuri. Aliye chini ya sifuri hurusha dadu kwa kila zamu ya usiku, na akikosa mara mbili amekufa.

"Hebu ngoja," alisema Bi Mkunga. "Joho hili limefika miguuni?"

"Limefika miguuni."

"La manyoya, ndani na nje?"

"Ndani na nje."

"Na linaongeza saba tu? Mimi nimepokea watoto usiku wa mvua, nikawafunga kanga mbili, na wakapata joto. Mtoto mbichi na kanga mbili, mwanangu. Sembuse mtu mzima na joho."

"Jedwali linasema saba, Bi."

"Jedwali halijapata kumfunika mtu."

Akarusha. Tatu. Akarusha tena. Nne. Amekosa mara mbili. Bi Mkunga alichukua karatasi yake, ambayo ilikuwa imechakaa kwa kufutwa na kuandikwa, akaikunja mara nne na kuitia mkobani.

Fundi akamsukumia karatasi nyeupe. "Haya Bi, tupe mwingine. Safari hii awe kijana."

"Mimi nshamaliza," alisema kwa upole. "Sianzi na mwingine. Nyinyi mnabadilisha watu kama soksi, mimi nilikuwa na huyu."

Alimaliza kahawa yake, akatuaga vizuri, akateremka. Jumapili iliyofuata hakuja. Nilipompigia simu alinijibu kwa furaha, akaniuliza hali ya mke wangu, na akasema ana shughuli. Jumapili ya pili alisema vivyo hivyo. Nilijua hana shughuli yoyote. Alikuwa amefiwa, na aliyemuua mtu wake nilikuwa mimi na jedwali langu.

Sisi watatu tuliendelea, lakini bila ladha. Fundi alijigawia chumvi ya marehemu. Mpishi alimchukua nyumbu, na kabla hatujatoka mlimani akamwuza kwa msafara uliokuwa ukipita.

Jumapili ya tatu, wakati tunasubiri kahawa, mpishi na fundi walianza ubishi wao wa siku zote. Oveni ya hoteli ina namba za Farenhaiti, na mpishi amezizoea hata anazitetea.

"Mia tatu na hamsini, keki inaiva," alisema. "Namba nzuri, kamili. Nyinyi na Selsiasi zenu mtasema mia na sabini na sita nukta sita. Nani anapika kwa nukta?"

"Maji yanaganda sifuri, yanachemka mia," alisema fundi. "Mtoto wa darasa la tatu anaelewa. Yenu yanaganda thelathini na mbili. Kwa nini thelathini na mbili, yakhe? Nani alikuwa anahesabu, na alikuwa amekunywa nini?"

"Mimi sigandishi maji, mimi n'napika. Shida yangu nyingine kabisa. Oveni yetu siku hizi inazidi digrii kumi. Ukiiweka mia tatu na hamsini, inapanda mia tatu na sitini. Mikate inaungua chini." Akanigeukia. "Sheikh, nataka kumwandikia meneja. Hizo kumi zilizozidi ni ngapi kwa zenu?"

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kumi, toa thelathini na mbili: ishirini na mbili chini ya sifuri. Zidisha kwa tano, gawa kwa tisa. "Kumi na mbili chini ya sifuri," nikasema, na kukiandika nilichosema.

Mpishi aliinama kuisoma karatasi.

"Kwa hiyo oveni yangu imezidi joto kwa kupoa digrii kumi na mbili," alisema mpishi.

"Basi niiteni mimi," alisema fundi. "Hiyo si oveni, hiyo friji."

Walicheka mpaka mke wangu akachungulia. Mimi sikucheka, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi na jibu lilikuwa upuuzi. Nilimwomba fundi anieleze.

"Ile thelathini na mbili ni mahali pa kuanzia," alisema, sasa bila mzaha. "Chukua nyumba mbili. Moja unahesabu ngazi kutoka barazani, nyingine kutoka chini kisimani. Ukitaka kujua mtu amesimama ngazi ya ngapi, lazima utoe tofauti ya pa kuanzia. Lakini ukitaka kujua amepanda ngazi ngapi, unatoa nini? Hutoi kitu. Unatazama ukubwa wa ngazi tu, na za Farenhaiti ni fupi. Kumi zake ni tano na nusu zetu, basi."

Nikasimama, nikaenda kabatini kutoa ile nakala ya Kiingereza. Kwenye jedwali la mavazi, joho la manyoya: huongeza digrii arubaini na tano. Nilikuwa nimetoa thelathini na mbili, nikabaki na kumi na tatu, nikapata saba. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mbili, kwa uangalifu. Bila kutoa kitu, jibu lilikuwa ishirini na tano. Kumi na tano chini ya sifuri, ongeza ishirini na tano, ni kumi juu ya sifuri. Hakupaswa hata kurusha dadu. Alipaswa kulala vizuri.

Niliwaambia. Mpishi ndiye aliyetangulia kuelewa maana yake.

"Kanuni ya kwanza," alisema, akionesha ukutani. "Aliyekufa harudi. Wino wako mwenyewe."

"Hakufa."

"Tumemzika, bwana. Na mirathi tumegawana."

"Tulimzika mtu yu hai na joho lake," alisema fundi. "Mimi chumvi nairudisha. Wewe una lako la nyumbu, ndiyo maana unasoma ukuta."

Kesho yake nilifunga duka mapema nikaenda Mwanakwerekwe. Nilimkuta Bi Mkunga uani anachambua mchele. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kuwa mtu wake yu hai.

Hakuinua macho. "Nani amekutuma? Mpishi?"

"Hakuna aliyenituma."

"Maana kama mmekaa mkanihurumia, mwanangu, sitaki. Mimi si mtoto wa kurudishiwa mpira ili anyamaze."

Nikatoa daftari. Nilimwonesha namba ya Kiingereza, hesabu niliyoifanya, na hesabu iliyofaa kufanywa. Nilimweleza habari ya ngazi kama nilivyoelezwa na fundi. Alifuta mikono, akavaa miwani, akanitaka nirudie hatua ya pili. Kisha akachukua kalamu yangu na kulipiga hesabu joho lile yeye mwenyewe, pembezoni mwa ukurasa, polepole. Akapata ishirini na tano.

"Kwa hiyo kosa lako."

"Kosa langu."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, Bi."

"Na hayo mengine? Blanketi, moto, hema? Umeyapima kwa mkono huo huo?"

Nilikiri kuwa sikuyatazama bado. Tukayafanya pamoja pale uani, yeye akisoma, mimi nikiandika. Yote yaliyokuwa nyongeza yalikuwa mabovu. Blanketi jepesi, kwa hesabu yangu, lilikuwa linamtia mtu baridi.

"Miaka minne mnajifunika blanketi la barafu," alisema, na hapo ndipo alipocheka, kicheko kirefu cha kushika ubavu.

Jumapili alikuja mapema kuliko wote. Aliifungua ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akailainisha kwa kiganja, akatazama orodha ya mali yake.

"Chumvi?"

"Hii hapa, Bi," alisema fundi.

"Nyumbu?"

Mpishi alitazama feni. Ilimlazimu kueleza mwenyewe: msafara, bei aliyoona nzuri, marehemu asiyekuwa na haja ya kipando. Bi Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akanigeukia akauliza msafara ule ulielekea wapi, na mtu anaweza kubeba kilo ngapi. Nilitazama jedwali la mizigo, ambalo nashukuru halina digrii, nikamtajia.

Leo imepita miezi miwili na nyumbu hatujampata. Tumemfuata mabonde matatu na soko moja. Badala ya nyumbu, chumvi inabebwa na mtu wa mpishi, na kwenye karatasi yake, mahali pa mzigo, Bi Mkunga ameiandika kwa mkono wake ili isije ikasahauliwa. Kila tukianza kikao humwuliza mpishi mgongo unaendeleaje.