Siku Mbili Bila Sauti ya Nzivo

Wavinya alikuwa ametengeneza tovuti za watu wengine kwa miaka saba kabla ya kutengeneza moja ya mamake. Kazi yake aliifanyia mezani sebuleni, katika nyumba ya mawe ya Kaloleni alimozaliwa, na wateja wake walikuwa watu wa karibu: kanisa moja la Makongeni, zahanati ndogo, fundi wa majeneza, shule mbili za binafsi. Hakuwa na ofisi wala kibao mlangoni. Watu walimjua kwa kuambiwa, wakampenda kwa sababu alishika simu hata siku ya Jumapili.

Mamake, Mukai, alifundisha chekechea miaka ishirini na sita. Nusu ya vijana wa mtaa huo walijifunza kuandika majina yao wakiwa wameshikwa mkono na yeye. Alipofika miaka hamsini na tano akaanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa chumvi kwenye chai, wakacheka. Kisha ikawa majina ya watoto wa darasa lake, na hapo yeye mwenyewe hakucheka. Daktari alisema ugonjwa huo kwa kawaida ni wa wazee, lakini mara mojamoja humshika mtu mapema. Mukai aliacha kufundisha muhula uliofuata.

Mumewe, Nzivo, alikuwa karani wa stoo katika karakana ya reli. Aliondoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, mkewe akiwa bado amelala, na kwa kuwa alijua akiamka atababaika, alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu kila asubuhi akiwa njiani. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, homa ya mapafu ikamchukua kwa siku tisa. Walimzika kwao Mwala. Mukai alikuwepo, akashika udongo, akautupa. Wiki mbili baadaye akiwa jikoni akamuuliza Wavinya mbona babake amechelewa hivi kutoka kazini.

Wavinya alimwambia. Mukai akaanguka chini akalia kama mtu aliyepata habari hiyo kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kesho yake akauliza tena. Akaambiwa tena, akalia tena. Mara ya nne Wavinya alishindwa. Alisema tu, "Ametangulia kazini, Mama," na mamake akatulia akamalizia chai yake.

Ndipo akatengeneza ule ukurasa. Hakuuweka kwenye mtandao, maana hakutaka macho ya watu kwa mamake, na pia bando zilikuwa zikiisha bila taarifa. Aliuweka kwenye laptopu yake mwenyewe, ikawa ndiyo seva, yaani mtoaji wa ukurasa kila unapoitwa, na mamake akaufungua kwa tableti kupitia waifai ya hapo nyumbani. Ukurasa ulikuwa na nyuso sita kubwa. Ukigusa uso, mwenyewe anakuambia ni nani. Uso wa Wavinya ulisema, "Mimi ni Wavinya, binti yako, niko hapa sebuleni." Uso wa jirani yao Batulo, ambaye mtaa mzima humwita Mama Musab, ulisema, "Mwalimu, ni mimi wa mlango wa pili, nitakupitia tuote jua." Na uso wa Nzivo ulitoa mojawapo ya zile jumbe za simu: "Mama Wavinya, mimi nimetangulia. Chai iko kwa thamosi. Umeze dawa, usinidanganye umemeza. Haya, jioni."

Mukai aligusa uso huo kila asubuhi. Alisikiliza hadi mwisho, akajibu, "Haya, uende salama," akameza dawa, akanywa chai. Wavinya alikuwa akiketi hatua tatu kutoka hapo, akijifanya anafanya kazi. Hakuwahi kuzoea kabisa. Lakini mamake alikuwa anakula na kulala, na mambo yakaenda hivyo miezi kumi na minne.

Jumapili moja ya Julai, mapema baada ya chai, ile laptopu ikazimika na haikuwaka tena. Fundi alifanikiwa kutoa kila kitu kilichokuwamo akakiweka kwenye diski ya nje. Wavinya akatafuta laptopu nyingine iliyotumika, akaisafisha, akaweka mfumo mpya toleo la karibuni. Jioni hiyohiyo akaanza kuhamisha faili. Mashine ilikataa kunakili baadhi yake, naye akiwa amechoka akatumia mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mashine, yule asiyekatazwa chochote. Zote zikaingia. Akafunga laptopu akaenda kumwogesha mamake.

Jumatatu asubuhi Mukai aliketi kwenye kiti chake, akavuta tableti, akagusa. Hapakutokea uso hata mmoja. Ukurasa ulikuwa mweupe, na juu yake maandishi meusi ya Kiingereza yaliyosema kwamba hana ruhusa ya kufungua mahali hapo.

"Wavinya," akaita. "Baba yako leo hajasema kitu."

"Ngoja kidogo, Mama. Ni mashine."

Kosa hilo Wavinya alikuwa amelirekebishia wateja mara nyingi. Lilikuja karibu kila mara mtu alipohamia mashine mpya, na kwa kawaida alilimaliza akiwa na kikombe mkononi. Akaizima seva, akaiwasha. Maandishi yakabaki. Akasoma ushauri wa watu kwenye mtandao, akatoa amri ya kuifungua folda ya tovuti kwa kila mtu, asome, aandike, afanye atakavyo. Alijua ni ushauri mbaya lakini alikuwa na haraka. Maandishi yakabaki vilevile.

Nyuma yake mamake alikuwa amesimama. "Alikuwa na hasira jana?" akauliza. "Nilimkosea?"

"Hukumkosea, Mama. Kaa ukunywe chai."

"Nitakunywa akisema."

Hakunywa. Dawa alizitema kwenye kiganja akazificha chini ya kitambaa cha meza. Wavinya alijaribu hili na lile siku nzima, kila dakika kumi akisimamishwa na swali lilelile, na kadiri alivyoulizwa ndivyo vidole vyake vilivyokosea herufi. Wazo la kuchukua tu ile sauti na kuiweka kwenye simu lilimjia, lakini alipomwekea mamake simu sikioni, Mukai aliisukuma. Nzivo alikuwa akiongea kutoka kwenye kioo chenye uso wake, na sauti isiyo na uso ilimtia hofu.

Jumanne, saa tatu hivi, akampigia Dishon, waliyesoma naye chuo. Alitoka nje kidogo, akasimama ukutani ambako simu hushika vizuri.

"Niaje, Wavinya. Mbona unasikika hivyo?"

"Seva inanikataza kwa mashine yangu mwenyewe. Nimefungua folda yote na bado."

"Umesoma kile seva yenyewe imeandika? Si kile kinatokea kwa kioo. Ile faili yake ya makosa."

Hakuwa amesoma. Aliona aibu, kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo yeye huwaambia watu. Walizungumza dakika saba, labda nane. Aliporudi ndani kiti kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi.

Alimtafuta kwenye nyua za jirani, kwenye ukumbi wa mtaa, kwa mama wa mboga, kwenye shule yake ya zamani ambako watoto walikuwa wakiimba. Mama Musab alifunga baibui yake vizuri akachukua njia ya upande wa reli bila kuambiwa, akisema mwalimu hana pengine pa kwenda. Ni yeye aliyempata, baada ya saa mbili, kwenye lango la karakana. Mukai alikuwa amevaa ndara moja. Alikuwa anamsihi bawabu, kwa sauti ile ya upole aliyotumia na wazazi wa watoto, amwitie karani wa stoo, atamwona mara moja tu na hatamchelewesha. Bawabu alikuwa mgeni na jina la Nzivo hakulijua.

"Wamenikataza kuingia," Mukai alimwambia bintiye aliporudishwa. Mguu ulikuwa unavuja damu. "Wanasema hawamjui. Miaka yote hiyo, na wanasema hawamjui. Wewe nenda, wewe una maneno ya kizungu. Nenda uwaambie."

Wavinya alikuwa amepiga magoti akimwosha ule mguu kwa maji ya uvuguvugu. Alikuwa hajala tangu jana. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kama alikusudia, na hakuweza kusema ndiyo wala hapana. Maneno yalitoka tu.

"Mama, Baba alikufa."

Mama Musab, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho.

Safari hii Mukai hakuanguka wala hakulia. Alitazama maji ndani ya beseni.

"Lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tano."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, Mama. Ulitupa udongo."

Akafikiri. "Na huyu aliyekuwa akiniambia nimeze dawa?"

Mukai akaondoa mguu wake taratibu kwenye mikono ya bintiye, akajifuta mwenyewe kwa leso, akaenda kulala na uso ukutani. Mama Musab akamfuata akaketi kitandani.

Wavinya alirudi mezani kwa kuwa hakujua aende wapi. Akafungua ile faili ya makosa. Seva ilikuwa imeandika jambo lilelile mamia ya mara, kwa lugha kavu na wazi: ilikosa ruhusa ya kupita katika mojawapo ya folda zilizo njiani. Haikuwa folda ya tovuti. Ilikuwa ile ya juu yake, folda ya nyumbani ya Wavinya mwenyewe, ambayo mfumo mpya huwafungia wengine tangu siku ya kwanza. Seva hufanya kazi kwa jina lake, si kwa jina la mwenye mashine, kwa hiyo kwa folda hiyo seva ilikuwa mgeni. Alikuwa amefungua vyumba vyote vya ndani na kuacha lango limefungwa.

Akaipa seva ruhusa ya kupita tu, bila ya kusoma. Nyuso sita zikatokea. Akagusa uso wa babake, kimya. Faili za sauti, zile alizozinakili kwa nguvu Jumapili, bado zilikuwa mali ya mtumiaji mkuu. Akabadilisha mmiliki wa faili hizo, akarudisha kwenye kiasi kinachofaa zile ruhusa alizozitapanya jana. Amri tatu kwa jumla. Hazikufika dakika kumi.

Nzivo akasema pale sebuleni kuwa ametangulia, na kwamba chai iko kwa thamosi. Wavinya akapunguza sauti haraka, akaweka kichwa juu ya kibodi.

Jumatano asubuhi aliandaa kila kitu kama zamani. Alikuwa na tumaini, na hilo tumaini alilionea haya: kwamba mamake atakuwa amesahau. Mara zote alikuwa amesahau. Mukai akatoka chumbani akiwa amejifunga leso nyeusi kichwani, ile ya mazishi, ambayo hakuna aliyejua kwamba anakumbuka ilipo. Akaketi. Akaugusa uso wa mumewe, labda kwa mazoea ya mkono tu.

"Mama Wavinya, mimi nimetangulia..."

"Zima," akasema.

"Mama—"

"Mtu amekufa na mnamtumatuma asubuhi asubuhi. Mwacheni apumzike." Akaigeuza tableti kifudifudi, akaisukuma hadi ukingoni mwa meza. Hajaigusa tena tangu siku hiyo.

Wavinya alimuuliza daktari wa kliniki imekuwaje habari hiyo ikaganda safari hii na kuteleza nyingine zote. Daktari alikuwa mwanamke mkweli. Alisema hajui, kwamba pengine ingetokea hata ukurasa ungefunguka, kwamba asijilaumu. Wavinya alimshukuru. Lakini yeye anazijua saa. Kama angesoma ile faili Jumatatu saa moja asubuhi, mamake angekunywa chai. Hilo hakuna daktari anayeweza kulipunguza.

Wateja bado humpigia. Wiki iliyopita msimamizi wa zahanati alikuwa na kosa hilohilo, akawa anacheka kwenye simu kwamba mashine yake imemkana. Wavinya alimwelekeza hatua kwa hatua, kwa upole, mpaka ukurasa wake ukafunguka. Kisha akatoka uani akasimama kati ya kamba za nguo mpaka pumzi ikarudi.

Mukai sasa hajui mwaka, wala mtaa, wala kwamba aliwahi kuwa mwalimu. Mama Musab humwita dada. Jina la bintiye lilimtoka mwezi wa Desemba. Jambo alilobaki nalo ni moja, kwamba mume wake amekufa, na huliamkia kila siku bila kuambiwa na mtu.

Jana alimkuta Wavinya jikoni akikata sukuma wiki, machozi yakimtoka na hakuna kitunguu karibu. Alisimama akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni na hataki kumfedhehesha.

"Binti," akasema, "kwenu mmefiwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na nani?"

"Na baba yangu."

Mukai akamsogelea, akamshika bega kwa mkono ule uliofundisha watoto kuandika. "Pole, mwanangu," akasema. "Hata mimi wangu alikufa. Mama yako yuko wapi? Si ungeenda ukakaa naye, hata siku mbili tatu?"

"Nitaenda," Wavinya akasema. Akapangusa uso, akaendelea kukata sukuma, na mamake akabaki hapo kando yake akimpapasa mgongo.