Mwaka wa Kwanza Bila Onofre

Onofre Archuleta alikufa mwezi wa Novemba, asubuhi yenye jua na baridi kali, akiwa amekaa juu ya gogo la kupasulia kuni. Alimwambia mkewe, "Ngoja nipumzike kidogo, halafu namalizia," naye Eduvigen akaingia ndani kumletea kahawa. Alipotoka alimkuta ameegemea lundo la kuni, kofia imemwangukia usoni. Alidhani amesinzia. Akasimama pale na kikombe mkononi, akimsemesha taratibu ili asimshtue. Nilimsikia akiita jina la mumewe, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti nyingine kabisa, nikaruka ua nikakimbia kwao.

Shamba langu liko chini ya lao, hapa Rincón Alto, kaskazini mwa New Mexico. Mfereji wetu ni mmoja. Maji yakitoka mlimani hupita kwao kwanza, ndipo yanifikie mimi. Onofre alikuwa mkuu wa mfereji kwa miaka mingi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mkali kuhusu maji na mpole kuhusu mengine yote. Ukifungulia maji nje ya zamu yako, alikuja shambani kwako akasimama tu, mikono nyuma, mpaka uone aibu ufunge mwenyewe.

Tulimzika kwenye makaburi yaliyo juu ya kanisa. Wiki ile nyumba ya Eduvigen ilijaa masufuria ya watu: maharage, nyama ya nguruwe kwa pilipili nyekundu, keki za kila namna. Binti yao Erminia alikuja kutoka Denver akakaa mpaka likizo yake ikaisha. Siku ya kuondoka alimshika mama yake mikono pale jikoni.

"Mama, twende ukakae kwetu. Chumba kipo."

"Na kuku?"

"Kuku tutawagawa."

"Na baba yako nitamgawa kwa nani?"

Erminia alimwachia mikono, akabeba sanduku lake. Akaondoka, theluji ikaanguka, na masufuria yakarudi kwa wenyewe moja baada ya jingine.

Eduvigen hakuwa mtu wa kulalamika. Machache alimwambia mke wangu, nami nikayapata kwake. Alisema siku za baridi Onofre ndiye aliyetangulia kitandani. Alilala upande wa mkewe mpaka shuka zipate joto, kisha mkewe akija alijisogeza upande wake wenye baridi, bila neno. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo tangu walipooana. Sasa Eduvigen alikuwa akikaa jikoni na koti lake, redio ikisema peke yake, akiahirisha kwenda kulala. Alijaribu chupa ya maji ya moto, akaiacha. Alisema ilimkera kuona kitu kama hicho kikijitia kufanya kazi ya mumewe.

Lakini kilichomuumiza zaidi tulimfanyia sisi. Hakuna aliyemtaja Onofre mbele yake. Akiingia dukani mazungumzo yalikatika. Baada ya misa watu walimuuliza habari za kuku, za magoti, za theluji kwenye paa, kisha wakaaga haraka. Hatukuwa na nia mbaya. Tulidhani tunamhurumia. Akarudi nyumbani ambako nako hakuna wa kulitaja jina lile, siku nyingine akapitisha tangu asubuhi hadi jioni bila kulisikia hata mara moja.

Mwezi wa Machi, kabla maji hayajafunguliwa, kila nyumba hutoa mtu mmoja mwenye sepetu kwenda kusafisha mfereji, kutoa matope na majani ya mwaka mzima. Mkuu mpya alikuwa Belarmino, mtoto wa kaka yake Onofre. Alikwenda kwa Eduvigen akavua kofia mlangoni.

"Mama mdogo, usihangaike na mambo ya mfereji. Nitatafuta mtu akufanyie."

"Afanye kwa niaba ya nani?"

"Ya nyumba hii."

"Nyumba hii ina mtu," alisema Eduvigen. "Saa ngapi mnaanza?"

Siku ya kazi tulimwona anashuka njiani na sepetu ya mumewe begani, viatu vya mpira vya mumewe miguuni, vimejazwa soksi visimvuke. Kwetu wanawake huja mferejini saa ya chakula, wameleta vyungu. Vijana walitazamana. Mzee Tranquilino, aliyekuwa rafiki wa Onofre tangu utotoni na mdomo wake haujawahi kupumzika, alipaza sauti:

"Haya, nyoosheni migongo. Mkaguzi amefika."

"Anza kunyoosha wako," Eduvigen alimjibu, akashuka ndani ya mfereji.

Belarmino akampimia kipande chake kwa fimbo, kama wengine, katikati yangu na Tranquilino. Alikifanya kifupi kidogo. Eduvigen alikitazama, akavuta alama mbele mpaka ikalingana na zetu, akaanza kuchimba. Alichimba polepole lakini hakusimama. Asubuhi nzima ilipita hivyo, sepetu zikigonga mawe, na mahali ambapo kila mwaka palikuwa na kelele na matani palikuwa kimya kama tuko kanisani.

Tulipokaa ukingoni kupumzika, alijifuta uso kwa kitambaa akasema, bila kumtazama mtu:

"Kila mwaka mlikuwa mnamcheka Onofre hapa hapa. Alikuwa akirudi ananisimulia. Sasa hata jina lake limewashinda. Kwani aliiba?"

Belarmino alichorachora ardhi kwa kijiti.

"Hatukutaka kukuliza, shemeji," Tranquilino alisema mwishowe.

"Ninalia hata bila ninyi. Niambieni kitu."

Tranquilino akanywa maji, akafunga chupa taratibu. "Mwaka ule ulipopasuliwa, ukalazwa Santa Fe. Unaukumbuka?"

"Kovu ninalo."

"Onofre alikuwa akija kule kwenye lango lake la maji kila alfajiri. Nikajiuliza, zamu si yake, huyu anaiba maji? Nikamnyatia. Namkuta amechuchumaa, analia kama mtoto. Nikamuuliza, 'Una nini wewe?' Ananiambia sabuni imemwingia machoni. Sabuni, shemeji. Mferejini, na koti juu."

Vijana wakaangua kicheko, kisha wakamtazama Eduvigen kama waliovunja kitu. Yeye alikuwa amekaza macho kwa Tranquilino.

"Endelea."

"Basi akaja kwetu kumwomba Sinforosa amfundishe kupika chapati, ukirudi ukute za moto. Mke wangu alimfundisha wiki nzima. Sijaona mikono mizito kama ile. Zilitoka ngumu kama soli ya kiatu. Ya mwisho tulimpa mbwa, mbwa akaenda kuifukia."

Hapo Eduvigen alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, nasi tukacheka naye, na ghafla akanyamaza.

"Niliporudi alinipa mkate wa dukani," alisema. "Mkate mkavu, kwenye karatasi yake. Akasema kazi zilikuwa nyingi hakupata muda wa kupika. Niliumia. Sikumwambia, lakini niliumia. Nilidhani hakuona haja."

"Alituapisha tusiseme," alisema Tranquilino. "Aliona aibu."

Eduvigen akatikisa kichwa mara kadhaa. Akasimama, akachukua sepetu, akamalizia kipande chake.

Jioni nilimsindikiza, kwa kuwa njia ni moja. Tulikwenda mpaka karibu na lango la ua wake.

"Unajua sasa nataka nini?" aliniuliza. "Nataka kuingia ndani nimgombeze. Nimwambie, mpumbavu wewe, ningezila hizo soli zote. Nina habari nzuri kuliko zote za mwaka huu, na mtu ninayetaka kumwambia ni yeye."

Alifungua lango akaingia.

Maji yalipofunguliwa, zamu yake ya kwanza iliangukia asubuhi ya Jumanne. Onofre ndiye aliyekuwa akimwagilia siku zote. Eduvigen alikuwa akimtazama tu kupitia dirisha la jikoni. Siku ile alifungua lango la maji zaidi ya kiasi, na maji yakaruka bustani ya matufaha yakaja hadi njiani kwangu. Nilimkuta katikati ya tope, sketi imelowa, ameikumbatia ile sepetu.

"Usinisaidie," alisema kabla sijafungua mdomo. "Niambie tu nimekosea wapi."

Nikamwambia. Alifunga lango nusu, akaziba mtaro mmoja kwa udongo, akafungua mwingine. Maji yakageuka, yakaingia kwenye mistari ya miti. Alisimama akiyatazama yakipita miguuni, akilia bila kujificha, na kazi akaendelea nayo mpaka zamu ikaisha.

Erminia alikuja tena majira ya joto, akaomba tena, akakataliwa tena. Watu sasa wanamtaja Onofre mbele ya Eduvigen, hata dukani, hata kwa utani. Jumapili yeye huenda kwa Tranquilino na Sinforosa kunywa kahawa, na akikaa tu husema, "Haya, nipeni." Wakikosa hadithi mpya wanarudia za zamani, naye huwasahihisha. Anaondoka kabla ya jioni. Mke wangu alimuuliza juzi kama ameanza kuzoea.

"Kazi nimezoea," alimjibu. "Nyumba ikinyamaza, hapana."

Halafu akaomba mbegu za maboga za kupanda mwakani, akaenda zake.