Kitambaa cha Kitovu Juu ya Tembe

Siku visahani vilipofunguliwa tulikuwa watu watano uani. Mimi, mimba yangu imeshuka, inangoja siku yake. Mama mkwe wangu, mwenye ua. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa ameachika na kurudi kwao na ulimi mkali kuliko ule alioondoka nao. Balozi wetu wa nyumba kumi, binamu wa baba mkwe. Na bwana afya kutoka Singida mjini, ambaye hakuwa ndugu wa mtu pale, ndiyo maana wote tulimwangalia mikono. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya baba zao. Siyaandiki kwa kuwa wajukuu wao wapo na sijawaomba ruhusa.

Ilikuwa wakati wa Ujamaa, tumeshahamia kijijini. Watoto wachanga walikuwa wakioza vitovu. Wangu wa kwanza alikwenda hivyo, hata jina hajapewa. Kwa huyu wa pili nilisema moyoni: huyu haendi.

Desturi ya nyumba yetu ilikuwa hivi. Kitambaa cha kufungia kitovu kinachanwa kwenye khanga ya zamani ya mama mkwe, na kikifuliwa hakitoki nje. Mwenye kijicho akikiona, maziwa ya mzazi yanakauka. Kwa hiyo tulianika ndani ya tembe, juu ya miti inayotenga sehemu wanapolala ndama. Mkunga wa zahanati akaniambia nichemshe vitambaa. Nikachemsha, na mama mkwe akalalamikia kuni.

"Khanga yangu imefunga vitovu vya watoto wangu wote," alisema.

"Na wale tuliowazika nyuma ya zizi, mama?" wifi akauliza.

Bwana afya alipopita kuuliza habari za vitovu, nilimwambia mimi mwenyewe: "Usituhubirie. Pima, mama aone."

Akarudi siku nyingine na visahani vya kioo, ndani yake kitu kama mlenda ulioganda. Akaeleza kwamba ukikandamiza kitambaa pale halafu ukafunika, vijidudu vilivyong'ang'ania kwenye nyuzi vitakula na kuzaana mpaka kila kundi lionekane kwa macho, kama doa. Tukamwandalia vitambaa vitatu. Kimoja mama mkwe alikifua kwa maji tu, akakianika kwa ndama. Cha pili nilikichemsha mimi, nacho nikakianika kwa ndama. Cha tatu nilikichemsha, akakianika bwana afya mwenyewe juani karibu na zahanati, maana sisi nani angethubutu? Akakandamiza kila kimoja kwenye kisahani chake, akafunika.

"Sasa vinataka joto," alisema. "Kama la kuku anayeatamia."

"Basi vitakaa kwenye kapu langu la kimea," mama mkwe akasema. Mtama wake wa pombe ulikuwa umeanza kuota, na kapu lile ukitia mkono unasikia joto. "Na mimi nitalala hapo hapo. Sitaki mtu anitilie uongo."

Alilala hapo kweli.

Ndipo ikafika siku hiyo ninayoisema. Mama mkwe hakujua kuhesabu mbali, basi bwana afya akamwambia, "Bibi, kwa kila doa weka punje moja ya mtama." Kisahani cha kwanza madoa yalikuwa yamebanana, bwana afya akakigawa kwa mistari chini ya kioo, kama ugali wa watu wanne, wakahesabu fungu moja, kisha wakaongeza mafungu mengine matatu yanayolingana nalo. Likawa rundo la kujaza viganja viwili.

Nikajua nimeshinda. Wakafungua cha kwangu, cha pili. Punje zikaendelea kushuka, zikaendelea, mpaka rundo likawa karibu sawa na la kwanza.

Mama mkwe akacheka mpaka akashika kiuno. "Mkamwana! Kuni zangu umechoma bure!"

Sikuinua uso. Nilimkumbuka yule wa nyuma ya zizi, nikashika tumbo.

"Bado kimoja," nikasema. "Fungua."

Kisahani cha tatu punje zake zilikaa kwenye kiganja kimoja na zilicheza. Mama mkwe akarudia kuweka, yeye mwenyewe, polepole. Zilikuwa zile zile.

"Kuchemsha kunaviua vijidudu," bwana afya akasema, "halafu kwa ndama vinapanda upya. Jua ndilo linalomaliza kazi."

"Na kijicho?" mama mkwe akamuuliza. Kisahani cha kupimia kijicho hakuwa nacho.

Nikamwambia, "Mama, huyu haendi. Kitambaa nitakianika nje, wakione wote."

Akainua macho kwenye paa. Kisha akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, "Juu ya tembe nani anaona?" Paa letu lilikuwa la udongo, tambarare, tulikuwa tukianika mtama huko. Akachukua vitambaa, akaanza kupanda.

"Utaanguka, mama!" balozi akapiga kelele.

"Nikianguka mtachimba. Balozi ndiye wa kwanza kushika jembe!"

Akavitandaza katikati ya paa, akavizungushia masuke ya mtama vionwe na jua tu. Mimi nilichemsha, yeye alipanda, mpaka mtoto akaja. Kitovu chake kilikauka, kikadondoka kama kikonyo cha boga. Maziwa hayakukauka. Jina lake alilichagua mama mkwe.

Sasa ninyi mnaosoma, kama balozi alikuwa mjomba wa baba mkwe na siyo binamu, au kama kulikuwa na mtu wa sita nimemsahau, njooni mnisahihishe, mlango uko wazi. Ila marundo yale ya mtama msiyaguse. Hayo niliyaona kwa macho yangu.