Nguo Niliyolishonea Jua

Siku ya harusi yetu mama mkwe alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, huyu Munyakazi hawezi kupita karibu na kitu kibovu bila kukifungua." Nikadhani ananitania. Mwaka haukuisha, meza yangu pale nyumbani kwetu Biryogo ikawa imejaa redio zisizosema, saa zisizotembea na pasi zisizopata moto, nami nikawa nakatia vitunguu magotini.

Kazi yake hasa ilikuwa betri za magari. Alikuwa na kibanda Muhima, ukiteremka kuelekea Nyabugogo, na madereva wa malori walimtambua kwa suruali zake zilizotobolewa na asidi kama chekeche. Mimi ni mshonaji. Nilimwekea viraka mpaka viraka vikawekewa viraka. Babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka Ujiji, akaoa hapa na kubaki, na ndiyo maana nyumbani kwetu tulisema Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Munyakazi mwenyewe alikuwa mbishi, mikono yake haikupata kutakata, na kwa watoto alikuwa mpole mno. Akikasirika hakupandisha sauti. Alinyamaza tu, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ni adhabu kubwa.

Kabla ya binti yetu Shakira tulikuwa na Zuhura. Nilimpeleka mwenyewe kuchanjwa surua, nikamshika mkono, kadi ikapigwa muhuri. Miezi mitano baadaye surua ikamchukua. Muuguzi mmoja mzee alituambia ukweli, kwa sauti ya chini: friji ya mafuta ya taa ilizimika siku mbili, dawa ikapata joto, na dawa ya chanjo ikishapata joto inakuwa maji tu. Mimi nililia. Munyakazi aliuliza swali moja, "Joto kiasi gani?" Ilikuwa mwaka 1986, na nadhani tangu siku ile aliuchukia moto wa mafuta ya taa kama mtu anavyomchukia jirani mwizi.

Basi mwaka 1991 akasikia kwamba mbele kidogo ya Kinyinya, kilimani ambako umeme haukuwa umefika, akina mama wa ushirika wana kijizahanati, na kwamba wafadhili wamewapa paneli mbili za umeme wa jua pamoja na friji ndogo ya chanjo. Vitu vilikaa kwenye makasha mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyejua kuvifunga. Nani angemzuia? Alikwenda na bisibisi zake, akakaa siku nne, akisomewa kitabu cha Kifaransa na muuguzi wa pale, Spès, msichana mwembamba asiyependa utani. Paneli akazifunga uani juu ya fremu ya chuma, kimo cha kifua, ndani ya uzio wa kuzuia mbuzi. Betri akazichagua mwenyewe, moja moja. Siku friji ilipoanza kunguruma, Spès alitia mkono ndani, akaucheka ubaridi wake. Ilikuwa Julai, kiangazi, jua la kuchoma. Mwezi huohuo nikamzaa Shakira.

Kuanzia hapo mume wangu akawa haambiliki. Wengine wakitoka kuswali Ijumaa hutazama viatu vyao, yeye alitazama mawingu. Tena akanitangazia kwamba Shakira akitimiza miezi tisa hatachanjwa mjini.

"Mjini kuna umeme wa serikali na madaktari," nikamwambia. "Unataka kunipandisha vilima na mtoto mgongoni kwa sababu ya sifa zako?"

"Mama Shakira, nitawaambiaje wale kina mama dawa ni nzima, na wangu nimpeleke kwingine?"

Nilikasirika, kwa sababu nilimwona Zuhura kama yuko mbele yangu, na kwa sababu alikuwa na haki. Nikakubali kwa ulimi. Moyoni nilikuwa na hofu.

Mwanzoni mwa Machi 1992, mvua za masika zilipoanza, akanijia Twizeyimana, zamu, yaani mlinzi, wa ile zahanati. Alikuwa mtu wa makamo, mwaminifu, mwenye kulinda kitu cha watu kuliko cha kwake. Alishika kamba aliyoifunga mafundo ya vipimo.

"Mama Shakira, mi iko na kazi ya mashini yako," akasema. "Ile paneli ya mzee iko inanyeshewa bure. Jua haiko, ni mawingu tupu, sasa inafanya nini pale inje? Inangara tu. Na inkuba inapenda kitu ya kungara. Radi ikipiga pale, rwose tumekwisha."

Nilimwelewa vizuri sana. Marehemu mama yangu, ngurumo ikianza, alikimbia kugeuza kioo kikatazame ukuta kabla hata ya kuanua nguo. Na nyumba gani ya heshima iliacha kitu cha thamani uchi? Redio ina kitambaa chake, cherehani ina chake, hata makochi. Nikaona aibu kwamba kazi ya mume wangu ndiyo iliyokuwa inalala nje bila nguo.

Nikatoa turubai zito la buluu nililoliweka kwa ajili ya muuza viatu mmoja, nikatia bitana, nikaweka vitanzi kwenye pembe, na katikati nikatarizi kwa uzi mwekundu: MUNGU AKULINDE. Nikampa Twizeyimana kifuniko hicho, lakini sikumwambia Munyakazi. Nilitaka akikute mwenyewe siku moja, ajue kwamba nami nimetia mkono wangu pale.

Haikupita wiki tatu, Spès akatuma karatasi: friji imefika nyuzi tisa. Chanjo inataka baridi ya kati ya mbili na nane, isizidi. Munyakazi akapanda kule alfajiri, akapima betri kwa kipimo chake cha asidi. Zilikuwa na njaa, zote. Akakaza nyaya, akafuta paneli, akarudi kabla ya mvua ya saa tano, maana mchana ile barabara haipitiki. Spès akatuma karatasi nyingine: kumi. Akaenda tena asubuhi, akarudi tena. Jua la asubuhi likamwonyesha kila kitu kizima, lakini betri zikazidi kukonda.

Katikati ya Aprili surua ikasikika kilima cha pili. Bwana Nduwayo, ofisa wa chanjo kutoka Kacyiru, akaweka siku: Ijumaa watoto wote wachanjwe. Dawa angeileta mwenyewe Alhamisi saa kumi jioni. Akikuta friji chini ya nane, ataiacha. Akikuta imezidi, anarudi nayo mjini, na zile paneli ziteremshwe, irudishwe friji ya mafuta ya taa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kudanganywa na mafriji mengi.

Jumanne Munyakazi hakula. Alikaa mbele ya sahani ya maharage mpaka yakaganda.

"Betri nilizichagua mimi," akasema. "Labda fundi ndiye mbovu."

Nikaiondoa ile sahani. Nilimtazama Shakira, aliyekuwa ametimiza miezi tisa wiki ileile, nikataka kusema twende mjini kesho, yaishe. Nikameza. Asubuhi nikamfunga mtoto mgongoni, nikamwambia mume wangu ninakwenda naye kumsaidia. Alikuwa amekata shauri kuzing'oa betri zote azilete Muhima kuzipima upya, hata kama ni kuizima friji kabisa.

Siku hiyo tulichelewa. Pikapu tuliyopanda ilisimamishwa kwenye kizuizi cha askari, vitambulisho vikasomwa mbele na nyuma, maana vita vya kaskazini vilikuwa vimeanza na kila mtu alishukiwa. Halafu tukazama kwenye tope, tukasukuma. Tukafika saa sita mchana, mbingu nyeusi, ngurumo zikijibizana juu ya Kinyinya, matone ya kwanza yakianguka.

Kile kifuniko nilikiona mimi kwanza. Kule uani, nyuma ya uzio, kilikuwa kimetandikwa vizuri, vitanzi vimefungwa pembe zote, kimevutwa kisiwe na hata mkunjo mmoja. MUNGU AKULINDE. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe niliishona mimi.

Munyakazi alisimama. Twizeyimana akatoka kibandani kwake mbio, uso umejaa furaha ya mtu aliyekutwa kazini.

"Mzee, usiogope! Mi nimeshafunika. Kila siku wingu ikitoka tu, mi nafunika. Mpaka jioni."

"Kila siku?" mume wangu akauliza taratibu.

"Kila siku. Hata Dimanche, siku ya misa. Spès anaona, anafikiri ni wewe umeagiza."

Munyakazi akanyamaza. Nikamwona anamgeukia yule maskini, na ule unyamavu wake nilikuwa naujua. Ningeweza kufunga mdomo wangu. Twizeyimana asingenitaja, alikuwa mtu wa namna hiyo. Wangemfukuza kazi, nami ningerudi nyumbani na siri yangu. Nakiri kwamba nilifikiri hivyo, kwa muda wa pumzi moja.

"Baba Shakira," nikasema, "nguo hiyo ni ya mkono wangu. Niliishona mimi. Niliona jua halipo, nikasema paneli haitapoteza kitu."

Aliruka uzio, mtu mzima yule, akafungua vitanzi kimoja kimoja bila kuvichana, akakikunja kitambaa. Mvua ikaanza kupiga kioo cha paneli. Kisha akachukua mita yake, akashika nyaya mbili, akaniita.

"Njoo uone."

Nikasogea na mtoto mgongoni. Hakukuwa na jua hata la kuazima. Mshale wa mita ukatikisika, ukapanda. Haukufika mbali, robo ya njia labda, lakini ulipanda na ukakaa pale.

"Jua likiwa nyuma ya wingu bado ni jua," akasema. "Linatoa kidogo, lakini linatoa. Nilikwambia hilo mwaka jana."

"Uliniambia nikiwa natia uzi kwenye sindano!"

Akanitazama, maji yakimchuruzika puani, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope na ile suruali niliyoiwekea viraka. "Betri zangu ni nzima," akawa anasema. "Mama Shakira, betri zangu ni nzima! Zilikuwa zimefunga saumu tu!" Nami nikalia, kwa sababu nilitegemea anikasirikie, na kwa sababu nilikuwa sijamsikia akicheka kwa mwezi mzima.

Radi ikapiga karibu. Twizeyimana akashika kichwa. "Mzee, itatuua!"

Munyakazi akamshika mkono, akamwonyesha waya mnene wa shaba ulioshuka kutoka kwenye fremu na kuzama ardhini. "Radi ikija itapita hapa, iende chini. Niliuweka kwa ajili yako, nawe hukuniuliza. Kosa langu nilikufundisha kufukuza mbuzi, sikukufundisha kitu hiki kinakula nini."

Hatukurudi mjini siku ile. Betri hazikung'olewa. Spès alifunga mlango wa friji akakataza mtu yeyote kuugusa, hata yeye mwenyewe. Mvua ilikatika alasiri, likabaki wingu jeupe mpaka magharibi. Alhamisi tukapata jua kwa muda wa saa tatu hivi, halafu mawingu tena, na Twizeyimana akawa amesimama uani anaitazama paneli ikilowa, mikono nyuma, anajizuia. Nilimhurumia. Kuacha kutunza kitu ni kazi ngumu kwa mtu aliyezaliwa mtunzaji.

Saa kumi Bwana Nduwayo akafika na sanduku lake la barafu. Hakusalimia sana. Spès akafungua friji, akatoa kipimajoto, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, midomo yake ikitembea bila sauti. Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta amefumba macho.

"Saba," Spès akasema. Akatazama tena. "Saba kamili."

Nduwayo akachukua kipimajoto, akasoma mwenyewe, akakirudisha. "Ishuke zaidi," akasema, "lakini dawa ninaiacha." Twizeyimana alipiga makofi, kisha akaona aibu, akajifanya anafukuza mbuzi.

Yaliyoifika nchi yetu baadaye yana mahali pake, na mdomo wangu huu bado haujayamudu. Mimi leo ninasimulia ile Ijumaa. Kina mama walijaa uani, wengine wametoka kilima cha pili kabla ya kuku kuwika. Munyakazi alimtanguliza Shakira mbele ya wote, kama alivyoapa.

Nikanyoosha mikono kumpakata mtoto, maana mara ya kwanza, kwa Zuhura, nilimshika mimi na yeye akangoja nje. Akanikatalia kwa kichwa. Akaketi, akampakata yeye, na ile mikono yake yenye makovu ya asidi. Spès akainua sindano.

"Subiri," Munyakazi akamwambia. "Nisomee kwanza."

Spès hakupenda kucheleweshwa, lakini alikwenda, akafungua mlango kidogo, akarudi.

"Tano."

"Joto kiasi gani?" akauliza tena, swali lilelile la Zuhura.

"Nyuzi tano, mzee. Iko muzuri."

Ndipo akapandisha mkono wa gauni la mtoto.