Nguzo Zilizochipua

Siku niliyoripoti kazini katika ofisi ya ardhi Bukoba nilivaa viatu vya visigino na gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Mvua ya Bukoba mnaijua. Bwana Ardhi Mkuu, mzee mwembamba mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, macho yakabaki huko miguuni.

"Kiti chako ni kile pale," akasema, "lakini usikikalie. Rudi nyumbani ukavae mabuti."

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha uthamini, na nilidhani mwenye cheti huanza kazi kwa kuletewa chai. Kabla ya adhuhuri nilikuwa Kahororo, tope limenifika magotini, nikihesabu mibuni katika kibanja cha watu huku mvua ikininyeshea.

Vijana wengi siku hizi hawajui mthamini ni nani mpaka barabara ipite kwao. Mthamini ni mtu anayekadiria thamani ya mali: ardhi, nyumba, migomba, kahawa, na ikibidi hata makaburi. Serikali ikitaka kipande cha kibanja chako, yaani lile shamba la nyumbani ambalo sisi Wahaya tunakaa humo, tunalima humo na kuzikwa humo, mthamini ndiye anayekuja kuandika kilichopo ili ulipwe fidia. Akikosea, wewe ndiwe unayehama na machungu.

Siku ile Kahororo Bwana Ardhi Mkuu alinifundisha mambo ambayo chuoni hawakuyagusa. La kwanza lilihusu ukarimu. Mwenye nyumba alituletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo desturi, kisha nikaona kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kinasogezwa. "Kahawa pokea," mzee akaninong'oneza, "ukikataa umemtukana. Rubisi mwambie tutakunywa kazi ikiisha. Mthamini aliyekunywa rubisi huona kila mgomba una mapacha."

Jambo lingine lilikuwa namna ya kutembea mpaka. Tulipofika pembeni mwa kibanja, mwenyewe akaanza kueleza mpaka wake unapita wapi. Bwana Ardhi akamnyamazisha kwa adabu, akamgeukia jirani.

"Anaanza jirani," akasema. "Mwenye mali anaongea mwisho."

Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akanijibu, "Mwenye mali atakuambia anavyotaka iwe. Jirani atakuambia anachokiona kila asubuhi akienda chooni."

Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini niliifuata hadi siku yangu ya mwisho. Na kila tulipotembea mpaka, tuliongozwa na mlamula. Kwa msomaji asiye wa kwetu, mlamula ni mti mwembamba, wenye majani marefu yaliyochongoka, ambao tangu mababu hupandwa mpakani. Haupandwi kimyakimya. Majirani wote huitwa, wanasimama, wanaona, kisha fimbo yake huchomekwa ardhini. Huhitaji mbegu wala mizizi. Kata kipande, kichomeke, mvua ikinyesha kinaota. Bikoni, ile nguzo fupi ya zege ambayo mpima huizika kwenye kona ya kiwanja, naiheshimu, kazi yake naijua. Lakini bikoni ni ya serikali. Mlamula ni wa majirani.

Nikahamishiwa Muleba, nikakaa miaka mingi, nikapata watoto huko na nikaanza kuumwa magoti huko. Mkuu wa Idara alikuwa mama mkali aliyefunga kilemba kama anayekwenda vitani. Chini yake alikuwepo mpima mmoja kijana, kazi yake safi, mtu wa mkoa mwingine. Siku moja huko Buganguzi alihitaji alama ya haraka mahali aliposimamisha chombo chake cha kupimia. Akakata fimbo iliyokuwa karibu, akaichomeka, akapima, akaondoka, akaisahau. Fimbo ilikuwa mlamula. Mvua za masika zilipokuja ikatoa majani katikati ya shamba la maharage la mjane mmoja, na shemeji zake wakasema, aha, kumbe mpaka ulikuwa hapa. Ilibidi twende wote tukaing'oe mbele ya ukoo mzima.

Mkuu wa Idara hakumfokea yule kijana. Alimwambia tu, "Huku kwetu fimbo ya mlamula si fimbo. Ukiichomeka, umetoa hukumu." Nililicheka jambo lile kwa miaka. Sikujua kwamba nitalikuta tena limevaa suti.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa halmashauri moja ya mji katika mkoa wetu. Sitaitaja, wenyewe wanajijua. Mji huo ulikuwa na soko la zamani lenye sehemu mbili. Mbele palikuwa na ghala kuukuu la kahawa, limeoza mapaa. Nyuma palikuwa na uwanja ambako akina mama waliuza ndizi, dagaa na maharage. Kati ya ghala na uwanja ulipita mstari wa milamula, mirefu kuliko mtu, iliyopandwa na wazee walioanzisha soko lile.

Halmashauri ilikuwa imejengewa stendi mpya na mkandarasi. Fedha ikapungua. Baraza la madiwani likaamua mkandarasi apewe eneo la ghala badala ya salio lake, avunje na kujenga maduka yake. Uamuzi ulisomwa hadharani na maneno yake yalikuwa wazi: eneo la ghala, hadi mstari wa miti. Uwanja wa akina mama ungebaki mali ya mji. Mimi ndiye niliyethamini lile eneo la mbele, na sikuona ubaya wowote katika mapatano yale. Ubaya ulikuja na seng'enge.

Mkandarasi alileta vibarua kutoka mbali. Wakafyeka kichaka walichokikuta, na kichaka hicho kilikuwa ile milamula. Wakaona fimbo zimenyooka vizuri, wakazifanya nguzo za uzio. Kisha, kwa kuwa mashine na kokoto zilihitaji nafasi, Mkurugenzi wa halmashauri akamruhusu mkandarasi azungushie eneo lote, mbele na nyuma, kwa muda. Akina mama wakaambiwa wasogee kando ya barabara, kwa muda. Mnalijua neno hilo. Kuna majengo ya muda hapa nchini yaliyozeeka kuliko mimi.

Miongoni mwa waliosogezwa alikuwa Bi Zainabu. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa Mhaya, akabaki. Yeye aliuza kahawa ya moto na vitumbua kwenye uwanja ule tangu akiwa binti, mahali alipopokea kwa mama yake. Sasa alikaa kando ya lami, turubai kichwani, magari yakimrushia maji kwenye karai. Nilikuwa mteja wake wa kila asubuhi.

"Ma Adela," aliniuliza siku moja akinimiminia kahawa, "wewe ni mtu wa ardhi. Niambie kweli. Tutarudi?"

Nilimwambia uamuzi wa baraza unasema uwanja ni wao. Akaniangalia kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi. "Sikuulizi unasemaje," akasema. "Nauliza kama tutarudi."

Nilijua kwa nini anauliza: "hadi mstari wa miti" ni maneno mazuri pale miti inapokuwepo. Kwenye ramani soko zima lilikuwa kiwanja kimoja cha mji, halina mstari wowote katikati. Miti ikishakatwa, nani angesema ulipita wapi?

Msimu wa senene ukafika, na mvua zake. Nguzo za uzio zikachipua.

Siwezi kuwaeleza vilivyo asubuhi ile. Mkataba hakuna aliyekuwa ameusoma, na hotuba za Mkurugenzi watu walizisikia kama mvua juu ya bati. Lakini milamula inayotoa majani kulizunguka soko lote, hiyo kila mtu aliisoma, hata bibi asiyejua kuandika jina lake. Mkandarasi amepanda mpaka. Amepanda bila kumwita jirani hata mmoja. Hadi saa nne barabara ilikuwa imejaa, madiwani wanapigiwa simu na wapiga kura wao, na ikatoka amri kutoka wilayani kwamba ufanyike mkutano wa hadhara pale pale sokoni, halmashauri ijibu.

Mkurugenzi aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyetaka jambo liishe.

"Mama, wewe ni mtaalamu," akasema. "Simama uwaambie mpaka wa kisheria uko kwenye ramani, zile ni nguzo tu. Watu waende makwao."

"Mkurugenzi, ramani haina huo mstari."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Wakisikia kwako watatulia."

Niliogopa, sitaficha. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na mwajiri akiudhika na mtu anayestaafu ana njia nyingi za kumchelewesha. Nikamwambia, "Nitawaambia kitu kingine. Nitawaambia tutembee mpaka."

Yeye pia ni mtoto wa kibanja, anajua maana yake. "Na akianza jirani ambaye anatuchukia?"

"Ataanza Mzee Jivani."

Hapo akatulia, akakubali, maana alidhani mambo yameisha. Mzee Jivani ndiye jirani wa soko, duka lake limepakana nalo ubavuni, mbele hadi nyuma. Ni wa familia za Kihindi zilizobaki chache. Na mji mzima ulijua kwamba mkandarasi alikuwa amemwahidi njia ya magari kupita uwanja wa nyuma hadi mlango wake wa stoo. Uwanja ukirudi kwa akina mama, njia hiyo imekufa. Mimi nilijua hayo pia. Usiku sikupata usingizi mzuri. Lakini jirani ni jirani, huwezi kumchagua kwa sababu anakufaa.

Kwenye mkutano mkandarasi alisimama kwanza kujitetea. Kijana mstaarabu, kofia mkononi. "Wazee wangu, wallahi hizi ni nguzo tu."

Mama mmoja muuza ndizi akamjibu kwa upole, "Waitu, ndugu yetu, nguzo haina majani."

Watu wakacheka, naye akacheka, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa. Nikaeleza utaratibu. Tukaingia ndani ya uzio: Mkurugenzi, mwenyekiti wa madiwani, mkandarasi, akina mama, na umati nyuma. Nikamgeukia Mzee Jivani.

"Mzee, anaanza jirani."

Alisimama na fimbo yake, amevaa sweta lake la kila siku. Alimtazama mkandarasi, kisha akautazama mlango wake wa stoo kwa muda mrefu.

"Mimi nafungua dirisha la jikoni kila asubuhi," akasema. "Milamula ilianzia hapa." Akapiga fimbo chini, kwenye kokoto. "Ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule ukuta. Ng'ambo ya huku ni ghala. Ng'ambo ya kule ni akina mama. Baba yangu alikuwepo wakipanda. Alitafuna kahawa yao. Nikisema vingine, nitafungua vipi dirisha?"

Vijana wachache wakachukua makoleo, wakasogeza kokoto pale alipopiga fimbo. Chini yake kulikuwa na kisiki, na kisiki kimetoa chipukizi jeupe, limepinda likitafuta mwanga. Hatua chache mbele, kingine. Mlamula haufi kwa panga, kila mkulima anajua hilo, ila siku ile tulikuwa tumelisahau.

Mkandarasi aliinama akakitazama kisiki, akasema vibarua wake watahamisha uzio. Mwenyekiti wa madiwani akauliza, mbele ya watu, nani aliruhusu uwanja wa nyuma ufungwe. Mkurugenzi akajibu, "Ni mimi." Namheshimu kwa jibu hilo mpaka leo, ingawa nyie mlio mitandaoni mlimchamba bila huruma. Mwenye mali anaongea mwisho, na siku ile mji ulipoongea ulisema kwa kifupi: warudi.

Uzio ulihamishwa. Zile nguzo zenye majani zilirudishwa kwenye mstari wake na majirani wote wakiangalia. Mkandarasi akajenga maduka yake upande wa mbele, mazuri tu. Mzee Jivani bado anapitishia magunia mlango wa mbele, akinung'unika kila gunia. Na Bi Zainabu alirudi mahali pa mama yake.

Nilipostaafu, ofisi ilinipa saa ya ukutani na hotuba. Bi Zainabu alikuja mwisho, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye kanga. Ilikuwa fimbo ya mlamula, imekatwa kutoka mstari wa soko.

"Kaipande kwako Kishanda," akasema. "Ila uite majirani kwanza."

Kibanja cha marehemu baba yangu huko Kishanda kina upande mmoja ambao milamula yake ilikufa zamani. Siku zote nimejua mpaka unapita wapi: nyuma ya mbuni mkubwa alioupanda baba siku niliyozaliwa, ule ninaouita wangu. Nikawaita majirani. Nikawapa kahawa ya kutafuna, rubisi nikaiweka mbali. Nikamwomba aanze mzee wa shamba linalopakana na upande huo.

Alitembea polepole, akasimama upande wangu wa ule mbuni, si nyuma yake. "Hapa," akasema. "Baba yako aliuomba kwangu udongo huu kwa sababu ni mweusi. Akaniambia, mtoto akikua nitakurudishia. Sikutaka kukusumbua."

Majirani wengine wakaitikia kwa vichwa. Niliutazama mbuni wangu, umejaa matunda mekundu. Nilikuwa na mengi ya kusema, na uthamini wote wa maisha yangu ulikuwa unanijia mdomoni. Zamu yangu ilipofika nikampa fimbo aichomeke mwenyewe, pale alipokuwa amesimama.