Siku Koko Alipovuka Kizuizi cha Moroni

Enzi zetu, mtoto wa mji wetu wa Mutsamudu aliyewahi kuvuka bahari akauona mji mkuu, Moroni, alitembea kifua mbele mwezi mzima. Tulimzingira kule ngomeni, tukiwa tumepanda ile mizinga mikongwe tuliyoichezea kila jioni, tukamhoji: ni kweli mawe yao ni meusi? Msikiti wa bandarini una matao mangapi? Akisitasita tu, tulimwita mwongo. Siku hizi mjukuu wangu anauona Moroni kwenye simu akiwa kitandani, kisha analalamika kwamba amechoka.

Mimi nilipelekwa nikiwa na miaka tisa, si muda mrefu baada ya mamluki wa kizungu kuingia nchini na kuiteka serikali. Aliyeamua ni bibi yangu, Koko, kama tunavyowaita bibi kwetu. Alikuwa hajawahi kutoka kisiwani kwetu Ndzuani, na alisema hafi bila kuuona mji mkuu wake. Akajitanda shiromani mpya, ile nguo yetu nyekundu na nyeupe, akajipaka usoni msindanu, ule urembo wa msandali uliosagwa, tukaenda Ouani kupanda ndege ndogo iliyonuka mafuta na karafuu. Njia nzima alinishika mkono akiniambia nisiogope. Yeye ndiye aliyefumba macho.

Moroni tulifikia kwa Mjomba Saidi, mwanawe Koko, karani wa serikali, mtu mpole aliyezoea kunong'ona hata nyumbani kwake. Alitutembeza asubuhi nzima. Nikauona msikiti mweupe wa Ijumaa ukitazama maji, nikahesabu matao yake mpaka nikapotea. Tukapita vichochoro vyembamba kiasi kwamba Koko na Mjomba hawakuweza kwenda sambamba. Tukaingia soko la Volovolo, lenye harufu ya vanila na samaki wabichi, na juu ya mapaa yote mlima Karthala ulisimama kijani kitupu hadi mawinguni. Koko aligusa kuta na milango ya nakshi kama mtu anayechagua kitambaa.

"Sasa nipeleke barabara ya pwani," akasema.

Mjomba akasimama. "Kule wapo wale wazungu, Mama. Wameweka kizuizi."

"Barabara ni yao?"

Mjomba akatangulia, hatua zake fupi.

Kizuizi kilikuwa boriti iliyolazwa juu ya mapipa mawili. Mzungu mmoja mwenye sare nyeusi alikaa kivulini, bunduki magotini. Kijana wa kwetu aliyesimama naye alitwambia turudi tulikotoka.

"Mwanangu," Koko akamwambia, "muulize huyo amekuja kutafuta nini hapa. Mimi nimekuja kutazama mji wangu."

Kijana aliinamisha macho. Hakutafsiri. Koko akatandika leso kando ya barabara, akaketi, akanimegea mkate wa nazi, tukala. Jua lilituchoma. Mjomba alimsihi kwa sauti ya chini, na Koko akaendelea kutafuna. Baadaye likaja gari la wakubwa wao, boriti ikainuliwa. Koko akasimama, akanishika mkono, akapita nyuma ya gari lile bila haraka. Mzungu alipiga kelele. Nilikaza macho kwenye visigino vya Koko, nikisubiri mlio wa risasi. Haukuja.

Mbele hapakuwa na kitu cha ajabu. Mawe meusi, mchanga kidogo, miti miwili mitatu. Koko alivua makubadhi, akaingiza miguu majini, akakaa humo mpaka aliporidhika, kisha tukarudi nyumbani kwa vichochoro.

Lakini Mjomba, aliyebaki nyuma yetu kizuizini, walimshika. Alirudi nyumbani magharibi, mdomo umevimba, shati limechanika bega.

"Umeniponza, Mama."

"Najua, mwanangu. Nisamehe." Alimkanda kwa maji ya moto, na nikamwona akilia kwa mara ya kwanza. "Kesho nitakaa ndani."

Asubuhi yake Mjomba alivaa kanzu safi na kofia, akasimama mlangoni na mdomo wake umevimba vilevile, akasema kwa sauti iliyofika kwa majirani: "Haya, mmebakiza wapi kuona?" Tukaenda, sote watatu.

Mamluki waliondoka miaka mingi iliyopita. Barabara ile sasa vijana wanaipita wakijipiga picha, mgongo wameipa bahari, na ukiwaomba watembee hadi bandarini wanakuuliza kama hakuna teksi. Nawacheka, kisha nawaonea wivu, maana hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Ila hawaujui mji ule kama tulivyoujua sisi. Tuliuona ukiwa umefungwa, tukauona wote, na wale waliouziba hawakupata hata siku moja kutwambia kwamba mji ni wao.